Ukibuni mungu, mbunie na jina lake

Wasee wa Meru, muuga. Wa Embu, wimwega. Wa Chuka mjichagulie, nyinyi huwa mnakula pande zote mbili.

Leo naongea kuhusu miungu. Tulieni, sihubiri. Naongea kuhusu miungu ya kubuni, ile ya gemu, katuni na hadithi za fantasia: yule wa giza aliyekuwepo kabla ya dunia, yule wa bahari, yule wa radi, yule wa kifo ambaye siku hizi lazima avae koti refu. Vijana wengi huku kwetu sasa wanabuni dunia zao. Kuna wenye wanaandika hadithi kwa simu, sura moja kila Ijumaa. Wengine wanachora. Wengine wanaunda gemu kwa laptop ya kuazima, na stima ikipotea Runyenjes kazi ya siku nzima imeenda. Naipenda hiyo kitu sana, na nasoma nyingi kuliko vile mnadhani.

Lakini kuna mchezo umeingia na umenichosha. Unafungua simu, unapata picha ya AI: jitu limejaa misuli, macho yanawaka buluu, nyuma yake Mlima Kenya umejaa theluji kama Uswisi. Chini imeandikwa "Murungu, mungu wa radi wa Wameru". Ukisonga mbele kidogo kuna vidio: "Miungu saba ya kale ya Wameru ambayo hukufunzwa shuleni." Enyewe hukufunzwa. Hukufunzwa kwa sababu hawapo. Kuna mmoja hata ameweka mungu wa bahari wa Waembu. Bahari gani, buda? Rupingazi?

Msimamo wangu ni huu. Buni chochote unachotaka, hakuna mtu atakushika. Lakini ukibuni mungu, mbunie na jina lake. Usichukue jina ambalo mtu analitumia kuombea watoto wake halafu ulibandike kwa mhusika wako wa kupasua milima.

Tuanze na hii fomyula inatoka wapi. Wagiriki wa kale walikuwa na mpangilio wao. Mshairi wao Hesiod aliandika kwamba mwanzo kulikuwa na Chaos, ule uwazi mtupu, halafu Gaia ambaye ni dunia yenyewe, halafu wengine, akiwemo Nyx, ambaye ni usiku. Sikia vizuri: Nyx si malkia wa usiku. Yeye ndiye usiku. Hapo ndipo wazo la miungu wa kwanza kabisa, wale ambao ni nguvu za ulimwengu zenyewe, lilikolea kwa fantasia ya kisasa. Ukicheza gemu ya Hades unakutana na Nyx na Chaos uso kwa uso. Ni kazi safi, sina neno. Lakini ni ukoo wa Wagiriki, na ugomvi wake ni wa Kigiriki: baba anaogopa mtoto, mtoto anapindua baba, ndugu wanagawana mbingu na bahari kama shamba la urithi.

Sasa mtu wa Nkubu anachukua huo ukoo mzima, anaupaka rangi nyeusi, anaupa shanga, anasema huu ni utamaduni wetu.

Tolkien, ambaye wengi wenu mnajua tu zile muvi zake, alikuwa profesa pale Oxford na alijaza kichwa chake na hadithi za kale za Wafini na za watu wa kaskazini ya Ulaya. Alikopa hisia, alikopa uzito wa maneno. Lakini mwenye maji katika dunia yake hakumwita Poseidon. Alimwita Ulmo. Mwenye upepo akamwita Manwë. Kitabu chenye hao wote, The Silmarillion, kilitoka 1977, miaka minne baada ya yeye kufa, na hadi leo hakuna mtoto wa shule Ufini anayechanganya Ulmo na kitu ambacho babu zake waliamini. Jina jipya lilifanya hiyo kazi.

Huku kwetu mambo yako tofauti, juu majina ambayo tunachezea bado yanafanya kazi. Bibilia ya Kimeru inamwita Mungu Murungu. Ukienda kanisani Jumapili utasikia Ngai Mwene inya yonthe, Mwenye nguvu zote. Embu wazee walimwita Mwene Njeru, na njeru ni nyeupe, ni mwanga. Upande wa Kikuyu ni Mwene Nyaga. Hawa si miungu wanne. Ni Mungu mmoja anayeitwa kutoka pande tofauti za mlima mmoja. Hana baba, hana mama, hana mke wa kumfumania, hana ndugu wa kupigana naye. Mlimani ni mahali anapopumzika, na hakuna anayedai amemwona. Sasa wewe umempa kifua wazi na nyundo.

Najua utaniambia nini: "Lakini hiyo ni boring. Mungu mmoja haonekani, hana drama, hadithi itatoka wapi?" Hapa ndipo nakasirika kabisa, juu hadithi ziko, na ni kali kuliko hizo za Wagiriki. Ni vile tu nguvu haziko pale unapoangalia. Huku kwetu nguvu hazikupewa miungu wadogo. Zilipewa watu, mahali, na masharti.

Chukua Mbwaa. Kama umekulia Meru na hujawahi kusimuliwa Mbwaa, wazazi wako wana kesi ya kujibu. Wameru wanasema walitoka kisiwani, kwenye maji makubwa, walipokuwa wametekwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Wanahistoria wengine wamehusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, huko Lamu. Watekaji wakawapa mitihani isiyowezekana. Leteni kiatu chenye manyoya juu na chini: wakakata ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali, ina manyoya pande zote mbili. Toeni hili tunda ndani ya shimo refu bila kulichoma: wakamwaga maji hadi likaelea. Halafu ikaja ile ya mwisho. Fueni mkuki wenye utafika mawinguni.

Hapo wakaelewa kwamba mtihani hauna jibu, lengo ni kuwamaliza. Kiongozi wao, Koomenjwe, akawatoa usiku. Walipofika majini akayapiga na fimbo na maji yakafunguka. (Ndio, inafanana na Musa. Watu wamebishana kuhusu hilo tangu enzi za wamishenari na hatutamaliza hapa.)

Sasa sikiza sehemu ambayo ningekuwa natengeneza gemu ningeianzia. Watu walikuwa wengi, hawakuvuka pamoja. Waliovuka bado ni usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka kukipambazuka wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limeshatoka wakawa Njeru, weupe. Koo za Wameru zimegawanywa hivyo hadi leo. Rangi hapo haina uhusiano na ngozi ya mtu. Ni saa.

Fikiria hiyo kwa makini. Wagiriki waliutengeneza usiku ukawa mungu. Wameru wakasema usiku ni sisi, tuliovuka kwanza. Alfajiri ni wale pale. Mchana ni wale wa nyuma. Giza, wekundu wa asubuhi na mwanga havina hekalu, vina wazao, na wazao wenyewe wanaoana, wanagombania mipaka ya mashamba, na wengine wanauza miraa Maua. Niambie ni riwaya gani ya fantasia imewahi kuja na wazo kama hilo. Una ukoo mzima ambao nguvu yao ya ulimwengu ni saa waliyofika upande wa pili wa maji. Mtu wa ukoo wa usiku anaweza nini ambacho wa mchana hawezi? Na walioachwa kisiwani ni rangi gani? Hapo tayari uko na sura kumi, na hujamgusa Murungu hata kidogo.

Halafu kuna Mugwe.

Kabla sijaacha chuo nilikuwa najificha maktaba siku za mtihani, na huko ndiko nilikutana na kitabu cha padri mmoja Mwitaliano, Bernardo Bernardi, kuhusu Mugwe wa Wameru. Kilitoka 1959 na kichwa chake kilimwita nabii anayefifia. Kikachapishwa tena Nairobi 1989, na safari hii kichwa kikamwita nabii anayebariki. Miaka thelathini, kitabu kilekile, neno moja limegeuzwa. Hiyo peke yake ni post ya siku nyingine.

Mugwe hakuwa mfalme, na hakuwa mungu. Alikuwa mtu aliyebeba baraka ya watu wake. Na upande wa Imenti, nguvu yake ilikaa mkono wa kushoto. Ndio, kushoto, ule ambao shosho wako alikuwa anakupiga ukiutumia kula. Mkono huo ulifunikwa, haukuonekana ovyo, na kuuona ilikuwa hatari. Ilisemwa kwamba adui akishambulia, ilitosha Mugwe ainue ule mkono wasimame. Aliutumia kubariki.

Sasa linganisha. Mungu wako wa radi ana nyundo, anaitumia kila ukurasa, na kufikia sura ya tatu hakuna anayemwogopa. Mugwe ana mkono mmoja chini ya joho na hautoi. Watu wanaishi miaka yote wakijua uko pale. Huyo ndiye mhusika. Nguvu ambayo imefunikwa inatisha kuliko ile inayorushwa rushwa, mtu yeyote aliyelelewa na baba mnyamavu anajua hiyo.

Embu nao wako na yao, na wacha niseme ukweli, huwa tunaizungumzia kidogo sana, tuko bize kubishana na Wameru muguka na miraa ni ipi kali. Ngai alimuumba Mwenendega, na kwenye maporomoko ya Mbui Njeru, karibu na Runyenjes, akampa mke mrembo. Mke akaitwa Ciurunji, jina la pale majini alipopatikana. Wakabarikiwa mali, na uzao wao ukajaza Embu. Hakuna vita mbinguni hapo. Kuna mwanaume mmoja, maji yanayoanguka, na mwanamke ambaye hadithi haisemi alikuwa nani kabla ya hayo maji. Mimi hapo ndipo ningeweka kambi. Fantasia nzima inaweza kukaa ndani ya hicho kimya, na ukiwa mwerevu hutakijaza chote.

Sijui kama mmeona lile neno linavyozunguka. Mwene Njeru. Mbui Njeru. Njeru waliovuka na jua. Wameru wanauita mlima Kirimaara, kwa yale madoa yake meupe. Sisemi kuna siri imefichwa, na tafadhali msitengeneze vidio ya "siri imefichuliwa". Nasema tu kwamba kama unatafuta nguvu moja ya ulimwengu ambayo watu wa pande hizi walishughulika nayo, si radi. Ni weupe. Mwanga juu ya kitu kilicho mbali.

Na huo weupe unaisha. UNESCO, ambao waliuweka Mlima Kenya kwenye urithi wa dunia mwaka 1997, walisema 2022 kwamba barafu ya maeneo yote ya urithi Afrika inaelekea kuwa imeisha kufikia 2050. Mimi nitakuwa na umri wa mamangu hivi. Mito ya huku inashuka kutoka huo mlima. Basi wewe unayetafuta hatari kubwa ya kutisha dunia yako ya kubuni, usiende kutafuta joka. Andika watu ambao Mungu wao anaitwa Mwenye weupe, na kila mwaka wakiamka wakitazama juu, mweupe umepungua. Watafanya nini? Watamlaumu nani? Nani atatumwa kupanda kuangalia? Hiyo hadithi Hollywood hawawezi kuiandika kabla yako, juu hawajawahi kuchota maji asubuhi wakitazama ule mlima.

Tukiwa bado mlimani, tuongee majina ya vilele. Batian, mita 5,199. Nelion, mita 5,188. Lenana, mita 4,985, ambayo ndiyo wengi hufika. Hayo ni majina ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai. Yaliwekwa na Mwingereza, Halford Mackinder, aliyepanda 1899. Sina ubaya na Wamaasai. Lakini alikuja mgeni, akapata mlima wenye watu pande zote, kila upande ukiwa na jina na maombi yake, na yeye akachukua majina ya kwingine akayabandika juu. Na yameshika! Leo mtoto wa Irangi anajua Batian. Hivyo ndivyo kubandika kunavyofanya kazi. Haihitaji kuwa kweli, inahitaji kurudiwa.

Ndiyo maana sikubali nikiambiwa "ni fantasia tu, bro". Binamu yangu yuko Gredi ya 7. Walipewa kazi ya kuandika kuhusu imani za jamii yao. Aliandika miungu saba, mmoja mmoja, na rangi zao. Alitoa kwa vidio. Akapata alama nzuri, kwa sababu aliyesahihisha naye hakuwa wa jamii hii na angejulia wapi? Huyo mtoto ana guka hai, anakaa mita mia mbili kutoka kwao, na hakuulizwa kitu. Guka akifa, kitakachobaki ni ile vidio na daftari lenye alama ya vema.

Na msidhani ni nyinyi tu mmeona hii mali. Mmarekani Mike Resnick aliandika hadithi ya Wakikuyu wanaojenga maisha ya zamani kwenye dunia nyingine inayoitwa Kirinyaga. Ilishinda tuzo ya Hugo mwaka 1989. Mlima wetu ulipata tuzo ya fantasia na sayansi ya kubuni kabla wengi wetu hatujazaliwa, na aliyeibeba si mtu wa hapa. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alichukua hadithi ya Gikuyu na Mumbi na mabinti wao, akaiandika kwa Kikuyu kwanza, na tafsiri yake, The Perfect Nine, ikaingia orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2021. Ng'endo Mukii alimtengenezea binti wa mungu muumbaji katuni, Enkai, kwenye mkusanyo wa Kizazi Moto uliotoka 2023. Kwa hivyo inawezekana. Meru na Embu ndio bado tunangoja nani, sielewi.

Kuna wale wa upande mwingine pia, wenye watasema hizi hadithi zote ni za shetani zisiguswe. Nawaheshimu wazazi wangu waliookoka, siwezi kubishana nao mezani. Lakini wanaita Mungu kwa jina ambalo waliomba kwenye mugumo waliliita kwanza. Hawawezi kuchukua jina na kutupa waliolibeba.

Kwa hivyo kazi iko hivi, kwa yeyote ambaye yuko na dunia yake nusu kwenye simu. Jina la Mungu liache. Majina ya watu wa Mbwaa, ukiyatumia, simulia vile yalivyosimuliwa. Ukitaka kubadilisha, badilisha na majina. Chukua mkono uliofunikwa, umpe mtu wako. Chukua kuvuka kwa saa tatu tofauti. Chukua mkuki wa kufika mawinguni ambao haukufuliwa. Vitu hivyo havina hatimiliki ya mtu, na vitakuwa vyako ukivipikia kwako.

Mimi naanza kukusanya sauti. Najua Mbwaa ya Igembe si ile ya Imenti, na Mbeere wana yao ambayo Embu mjini hawaijui. Kama kwenu inasimuliwa tofauti, mrekodi mzee kwa lugha yake, useme ni wa wapi, unitumie. Mwambie kwanza kwamba unarekodi, na akikataa sehemu fulani isitoke, isitoke. Na usiende mikono mitupu, mbebee sukari na majani ya chai.